Harusi ya hoteli Nakuru, harusi ya boma Siaya: ipi inahitaji bima gani?

Mwaka huu ninashika daftari la hazina la kamati mbili za harusi. Moja ni ya binti ya dada yangu, atakayefunga ndoa Nakuru mwezi wa Agosti katika bustani ya hoteli. Wageni ni 180, wote wameandikwa majina, na karibu kila mtoa huduma ameshapokea pesa. Nyingine ni ya mwana wa kaka yangu, Desemba, nyumbani Siaya, bomani kwa babake. Huko idadi ya wageni haijulikani, maana kijiji hakingoji kadi.

Kamati zote mbili zimeniuliza swali moja: tukate bima au tuache? Wakala mmoja wa Kisumu akaziletea zote mbili pendekezo lilelile, limeandikwa juu "bima ya harusi", ada ileile. Nimelisoma mstari kwa mstari, nikalifananisha na hati nyingine mbili nilizoomba kwingine, na nimeona kwamba harusi hizi hazifai kukatiwa bima moja. Nakuru tunaogopea pesa iliyokwisha kutoka mfukoni. Siaya tunaogopea watu: walio barabarani, walio chini ya turubai, walio karibu na sufuria. Anayenunua jina la bima bila kuangalia anachoogopa hulipa ada ya kitu kisichomhusu na kuacha wazi kile kinachomhusu.

Jina lenyewe

Bima ya harusi tumeipokea kutoka nje. Uingereza hati moja huwa na vyumba vingi: cha kuahirishwa kwa sherehe, cha gauni na suti, cha pete, cha zawadi, cha picha zilizoharibika, cha mtoa huduma aliyefilisika, na cha dhima, yaani fidia kwa mtu mwingine aliyeumia au aliyeharibikiwa mali kwa sababu yako. Marekani huuzwa zaidi vipande viwili, kuahirishwa na dhima, na kumbi nyingi huko hazikukodishi mpaka uonyeshe karatasi ya dhima.

Katika ofisi nilizoingia Kisumu na Nakuru, ukitaja bima ya harusi unaulizwa kwanza: unataka kukinga nini? Ndipo wanakuunganishia vipande: bima ya tukio, bima ya dhima kwa umma, bima ya ajali, bima ya vifaa. Mimi naona hilo ni jambo jema, kwa sababu unaweza kuchukua kipande kimoja na kuacha vingine. Kwa hiyo nitavilinganisha kimoja kimoja, Nakuru upande huu, Siaya upande ule.

Kuahirishwa

Kipande hiki hurudisha pesa uliyokwisha kulipa na ambayo hutarudishiwa, sherehe inaposimamishwa na jambo lililotajwa kwenye hati: kifo, ugonjwa mkubwa, ajali, ukumbi kuungua au kufurika. Shika maneno hayo mawili, imelipwa na hairudi.

Daftari la Nakuru linasema hivi: hoteli shilingi 210,000, mpambaji 60,000, mpiga picha 45,000, keki na vyombo vya muziki 35,000. Jumla 350,000, na zote zimeshatoka. Mkataba wa hoteli unasema ukiahirisha zikiwa zimebaki chini ya siku 30, hurudishiwi hata senti. Pesa hiyo ilichangwa na watu wa mishahara midogo, mia tano hapa, elfu moja pale, na wengine walikopa kwenye chama ili wasiaibike. Ikipotea, kamati haiwezi kuwarudia watu walewale mara ya pili.

Daftari la Siaya halifanani na hilo hata kidogo. Ng'ombe wawili bado wanakula nyasi. Mchele tutaununua Ahero wiki ya mwisho. Kilicholipwa ni arbuni ya turubai na viti, 20,000, na arbuni ya mabasi mawili, 15,000 kila moja. Jumla 50,000. Tena mwenye turubai ni mtu wa hapohapo, anatujua na tunamjua. Tukimwambia tumefiwa, atasogeza tarehe na kuja kutusaidia kuzika. Kukata bima ya kuahirishwa kwa harusi kama hii ni kuwekea ghala tupu mlinzi.

Hata kwa Nakuru, kuna mahali ambapo karibu tuanguke, nami naomba kila kamati isome hapa polepole. Ukurasa wa tatu wa pendekezo umetaja "ndugu wa karibu" ambao kifo au ugonjwa wao utafanya kampuni ilipe: bwana na bibi harusi wenyewe, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, babu na nyanya. Orodha imeishia hapo.

Nikamuuliza wakala, "Na baba mdogo?"

"Mama, huyo ni wa ukoo. Hayumo."

Nikamweleza kwamba babake binti alifariki zamani, na aliyemlipia karo, aliyepokea wageni wa ruracio, yaani sherehe ya mahari, na atakayemshika mkono kanisani ni huyo baba mdogo. Akifa Jumatano, hakuna harusi Jumamosi. Hakuna padri wala mchungaji atakayetuambia tuendelee, na hata angetuambia, miguu isingetubeba. Katika ukoo wetu, maiti ikiwa bado haijazikwa, turubai linalosimamishwa ni la matanga. Lakini kwa hati ile, kampuni ingetuambia tulijiahirishia wenyewe, kwa hiari yetu.

Wakala aliondoka na swali hilo. Baada ya siku nne akarudi na ukurasa wa nyongeza wenye jina la baba mdogo na nambari ya kitambulisho chake, umepigwa muhuri na kampuni. Ada haikuongezeka sana. Kwa hiyo inawezekana, lakini lazima uombe kabla ya kulipa, kwa jina la mtu, na uletewe kwa maandishi. Neno la mdomo la wakala halitakusaidia siku ya kudai.

Nyanya wa binti naye alitufundisha jingine. Ana shinikizo la damu na alilazwa mwezi wa Machi. Fomu inauliza kama kuna ndugu aliye mgonjwa siku ya kukata bima. Mjumbe mmoja wa kamati alitaka tuandike hapana. Nilikataa, na ningekataa tena. Ukificha, kampuni ina haki ya kukataa dai, na ushahidi wote uko kwenye faili la hospitali. Tuliandika ukweli, kampuni ikamtoa nyanya kwenye kinga. Imetuuma, lakini sasa tunajua: Mungu akimchukua kabla ya Agosti, gharama ya kuahirisha ni yetu.

Mambo mengine ambayo kipande hiki hakilipi nitayataja upesi. Kubadili nia hakulipwi. Bwana harusi akitoweka, au mke wa kwanza akisimama kanisani na kupinga, hasara ni ya familia. Karatasi zisipokamilika pia hailipwi: Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka notisi ya siku 21 kwa ndoa ya serikali, na mtu aliyechelewa kuipeleka hawezi kuilaumu kampuni ya bima. Wakwe wakizuia sherehe kwa sababu ya mahari, hilo nalo linamalizwa kwa wazee.

Mvua inawachanganya wengi. Agosti Nakuru si mwezi mkavu, na watu hudhani bima hulipa mvua ikinyesha. Hati nilizosoma hulipa pale tu ambapo hali ya hewa imefanya ukumbi usitumike kabisa au imewazuia wenye harusi kufika. Kulowa, matope na wageni kukimbilia verandani si dai. Turubai pia mara nyingi huwa nje ya kinga mpaka uliombee nyongeza. Kwa pesa ya nyongeza hiyo, sisi tuliona heri kuandikiana na hoteli kwamba mvua ikija tunahamia ukumbi wa ndani bila malipo. Walikubali.

Na kuna maradhi ya kuambukiza. Hatujasahau tarehe 26 Machi 2021, kaunti tano ikiwemo Nakuru zilipofungwa, watu wasiingie wala kutoka. Juni mwaka huohuo masharti makali yakawekwa katika kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na majirani zake, Kisumu na Siaya zikiwemo, na harusi zikawekewa kikomo cha watu 30. Tangu Korona, makampuni mengi yameandika waziwazi kwamba sherehe ikisimamishwa kwa sababu ya mlipuko wa ugonjwa hayalipi. Tafuta mstari huo kwenye orodha ya yasiyolipwa. Katika hati zote tatu nilizosoma, ulikuwamo.

Dhima

Hapa mizani inageuka. Nakuru, hoteli ina bima yake ya dhima. Niliomba nakala, meneja akanipa: mgeni akiteleza kwenye ngazi zao au akila chakula kibovu cha jikoni kwao, wao ndio wa kujibu. Tungekata nyingine tungelipia kitu kilekile mara mbili. Kilichobaki kwetu ni vitu tunavyoingiza wenyewe, yaani mapambo na vyombo vya muziki, na hivyo tumewataka wenye navyo wavijibie katika mikataba yao.

Siaya hakuna hoteli. Kuna turubai la watu mia tatu lililofungwa kwa kamba na vigingi, jenereta ya kukodi, waya unaopita nyasini, mitungi miwili ya gesi, masufuria ya wali juu ya mafiga, na watoto wasiohesabika wanaocheza katikati ya hivyo vyote. Nimewahi kuona upepo wa alasiri wa ziwani ukiling'oa turubai kwenye harusi moja karibu na Maseno. Lilipaa kama shuka, nguzo ya chuma ikamwangukia mzee begani. Mfupa ulivunjika. Mwenye turubai alisema alilipwa kusimamisha, hakulipwa kulinda upepo. Kamati ilisema kazi yake ilikuwa mbovu. Na mzee alikaa wodini huku watu wakichangishana kwenye simu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Palikosekana tu mtu mmoja ambaye karatasi ilimtaja kuwa ndiye wa kulipa.

Bima ya dhima kwa umma ndiyo inayojaza pengo hilo, ila kuna mambo matatu ya kufahamu. La kwanza, hulipa pale ambapo wewe una lawama kisheria. Radi, ambayo Kakamega na Kisii wanaijua vizuri, ikimpiga mgeni uwanjani si kosa la mtu. Kigingi kilichopigwa nusu ni kosa. La pili, hati nyingi haziwahesabu watu wa nyumba ya mwenye bima kuwa umma. Mgeni wa Bungoma yumo. Mama wa bwana harusi huenda hayumo. La tatu, na hili lilinishangaza, kamati ya harusi si mtu mbele ya sheria. Haijasajiliwa, haishtakiwi, haikatiwi bima. Wakala alikuwa ameandika "Kamati ya Harusi ya" fulani. Tumebadilisha, jina lililopo sasa ni la kaka yangu, mwenye boma.

Wapishi ni habari nyingine. Mtu unayemlipa akiungua kazini haingii kwenye dhima kwa umma, kwa sababu huyo ni mfanyakazi. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini, ambayo wengi wanaiita WIBA, inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Ukiajiri kampuni ya mapishi, mwajiri ni kampuni hiyo, omba uone karatasi yake. Ukiita wapishi watano wa kijijini na kuwalipa kwa siku, uliza ofisi ya bima juu yao kabla ya kuwasha moto. Mama zetu wanaojitolea kupika bila malipo hawaingii huku wala kule vizuri, na kwa ajili yao tumeomba bima ya ajali ya siku mbili, kwa majina.

Barabara

Kama ningekuwa na pesa ya kuangalia kitu kimoja tu katika harusi za magharibi, ningeangalia magari. Watu hupanda usiku wa manane, dereva hajalala, kwaya inaimba, na wanarudi giza likiwa limeingia. Desemba 2021, basi la shule lililowabeba wanakwaya kwenda harusini Kitui lilisombwa na Mto Enziu, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sikumbuki harusi yoyote niliyohudhuria baada ya hapo bila kuwaombea.

Gari tayari lina bima, sheria inalazimisha. Cha kuangalia ni bima ya aina gani. Rafiki akikuazima gari lake bure limbebe bibi harusi, bima yake ya matumizi binafsi inaendelea kufanya kazi. Ukimlipa akukodishie, umelitoa gari kwenye matumizi yaliyoandikwa, maana bima binafsi haikubali kubeba watu kwa malipo, na hapo kampuni inaweza kukataa gharama za gari hilo na kuanza kuvutana na kila mtu juu ya majeruhi. Msafara wa harusi za Nakuru umejaa magari mazuri ya namna hiyo, yanakodishwa na wenyewe kwa siku, yana maua na riboni, na hayana bima ya kukodishwa. Basi la shule nalo, ambalo kila kijiji hukimbilia kwa sababu ni rahisi, uliza kama bima yake inaruhusu kubeba watu wasio wa shule kwa malipo.

Gari la abiria lenye bima ya abiria ndilo salama zaidi kwa karatasi. Hata hapo, sheria inamlazimisha mwenye gari kukinga hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, si zaidi ya hapo. Omba cheti, linganisha nambari ya gari na tarehe ya mwisho. Kazi yote hiyo ni dakika tano na haigharimu kitu.

Upande huu wa barabara, Nakuru na Siaya ni sawa. Tofauti ni idadi tu: Nakuru magari manne, Siaya mabasi mawili kutoka Bungoma na Kisumu.

Akiba badala ya bima

Wako wanaosema: pesa ya ada iwekwe akiba, yakitokea yatokee. Sipingi. Kwa hasara ndogo, akiba inashinda bima. Keki ikianguka, mpiga picha akichelewa, gauni likichanika, kampuni itakata kwanza kile kiasi ambacho hati inasema utakibeba mwenyewe, na kitakachobaki hakitalingana na safari zako za ofisini. Kamati zote mbili tumetenga sehemu moja ya kumi ya bajeti kwa mambo hayo.

Akiba inashindwa pale hasara inapozidi uwezo wa kuchanga, yaani 350,000 za Nakuru na bega la mzee wa Maseno. Hapo ndipo bima ina kazi.

Kwa mtoa huduma aliyekula arbuni na kuzima simu, kinga ya kwanza ni mkataba uliotiwa saini na malipo yenye ushahidi. Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Lipa kwa njia inayoacha alama. Na pesa ya harusi isikae kwenye simu ya mwekahazina: M-Pesa inaruhusu salio la hadi 500,000, lakini kuruhusiwa si usalama. Ninaihamisha benki kila Ijumaa, saini tatu.

Siku ya kulipa

Kenya bima haianzi mpaka ada ipokelewe. Sheria ya Bima, kifungu cha 156, haina huruma na ahadi ya "tutamalizia wiki ijayo". Hakikisha wakala na kampuni wana leseni ya mwaka huu kutoka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, na ulipe kampuni yenyewe, usimpe wakala mkononi. Juu ya ada huongezwa tozo ya mafunzo asilimia 0.2, ya mfuko wa fidia kwa wenye bima asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Kwa ada ya 12,000 hizo ni 24, 30 na 40, utalipa 12,094. Ukiandikiwa "gharama za ofisi" juu ya hapo, uliza ni za nini.

Nakuru tumelipia kuahirishwa pekee, 350,000, na ukurasa wa baba mdogo uko ndani ya faili. Siaya tumelipia dhima kwa jina la kaka yangu, ajali kwa akina mama 14 wa jikoni, na kuahirishwa tumekuacha. Cheti cha basi la Kisumu nimekiona. La Bungoma mwenyewe bado anasema kiko nyumbani, nami nimemwambia mpaka nikishike, salio lake halitoki.